Uchaguzi wa Magurudumu kwa Magari ya Bonde la Kilombero

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu ya Ifakara wakati wa asubuhi hangoji sana kabla ya kuliona gari la namna hii: Land Cruiser au Land Rover ya miaka mingi, iliyotiwa springi ndefu hata bodi ikawa imeelea juu, na chini yake matairi mapana yenye meno makubwa, yaliyochomoza nje ya matao yake. Gari hilo si la mashindano wala si la watalii. Ndilo limpelekalo mwenyewe kazini, ndilo libebalo mpunga kutoka shambani, na usiku ndilo ambalo jirani mwenye mgonjwa huja kuliombea hodi. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa magurudumu yake si jambo la urembo peke yake.

Sababu itolewayo na wenye magari hayo ni moja: matope. Nayo ni sababu ya kweli. Bonde la Kilombero hupokea maji ya milima ya Udzungwa upande mmoja na ya nyanda za Mahenge upande wa pili, na sehemu kubwa ya tambarare yake hufurika kila mwaka. Ndiyo maana mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Sehemu nyingi za udongo wake ni mfinyanzi mweusi, ambao ukilowa huvimba, huteleza, kisha hung'ang'ania chochote kiupitiacho. Hata hivyo hali ya usafiri imebadilika. Zamani aliyetoka Kidatu kwenda Ifakara alisafiri katika vumbi au tope kwa kutegemea msimu, na aliyetaka kuendelea Mahenge au Malinyi alingoja pantoni mtoni. Leo daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384 na lililofunguliwa mwaka 2018, limechukua nafasi ya pantoni, na lami imefika Ifakara. Gari lile lile, katika siku ile ile, hukimbia juu ya lami na lori la miwa mbele yake, kisha huingia katika njia ya shamba la mpunga ambako tope hufika nusu ya gurudumu. Wengi huchagua matairi kwa kuifikiria ile saa moja ya tope na kuzisahau saa nyingine zote.

Yafaa kuanza na kosa lililo kubwa kuliko yote, yaani imani kwamba springi ndefu huliinua gari lisigote chini. Magari mengi yanayozungumzwa hapa yana ekseli nzima, na katikati ya ekseli hiyo ndimo lilimo difu, nalo ndilo kiungo cha chini kabisa cha gari. Ekseli hukaa juu ya magurudumu. Springi hukaa juu ya ekseli. Ukiirefusha springi kwa sentimeta 5, bodi na fremu hupanda sentimeta 5, lakini difu hubaki pale pale lilipokuwa, na jiwe lililoligonga jana litaligonga na kesho. Faida ya springi ndefu ni nyingine: pua na mkia wa gari hupata nafasi ya kupandia kingo za makorongo, na matao hupata nafasi ya kupokea tairi kubwa zaidi. Kitu pekee kiwezacho kuliinua difu ni kipenyo cha gurudumu.

Na hapo hesabu inahitajika. Tairi lenye alama 235/85R16 lina upana wa milimeta 235. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 85 ya upana huo. R ni dalili ya namna nyuzi zake zilivyopangwa. Na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Mwanafunzi akizijumlisha bavu mbili pamoja na ringi atapata kipenyo cha sentimeta 80.6 hivi. Huo karibu ndio ukubwa wa yale matairi membamba ya inchi 7.50 ambayo Land Rover ndefu na Land Cruiser za kazi zilitoka nayo kiwandani kwa miaka mingi. Tairi linalopendwa na wapenda ukubwa, kwa mfano 315/75R16, lina kipenyo cha sentimeta 87.9. Tofauti ni sentimeta 7.3, lakini difu hupanda nusu yake tu, yaani sentimeta 3.65, kwa kuwa ekseli imo katikati ya gurudumu. Fedha nyingi hutoka mfukoni kwa ajili ya kimo kisichozidi upana wa vidole viwili.

Kinachoamua kama gari litapita au litatitia, aghalabu, ni upepo ulio ndani ya tairi. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tuseme gari pamoja na mizigo yake lina kilo 2,400, na kila gurudumu limebeba kilo 600, yaani nyutoni 5,900 hivi. Kama tairi limejazwa pauni 35, ambazo ni karibu kilopaskali 240, eneo la tairi linaloigusa ardhi halina budi kuwa karibu sentimeta za mraba 246. Ukiushusha upepo hadi kilopaskali 120, eneo hilo huwa karibu sentimeta za mraba 492. (Ugumu wa ubavu wa tairi huchukua sehemu ndogo ya uzito, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria, lakini haiko mbali na kweli.) Dereva ameuzidisha wayo wa gari lake mara mbili bila ya kununua chochote. Na yule aliyenunua matairi mapana akayajaza pauni zile zile 35? Eneo lake halikuongezeka hata kidogo, kwa maana uzito ni ule ule na upepo ni ule ule.

Kilichobadilika ni umbo la eneo hilo. Tairi jembamba, ambalo uso wake una upana wa sentimeta 18 hivi, litaikanyaga ardhi kwa urefu wa sentimeta 14. Tairi pana, lenye uso wa sentimeta 24, litaikanyaga kwa urefu wa sentimeta 10 tu. Katika tope tofauti hii ni kubwa. Kila gurudumu linalokwenda mbele husukuma tope lililo mbele yake, mfano wa mtumbwi unavyosukuma maji, na ukubwa wa mzigo huo hufuata upana wa gurudumu. Tairi jembamba na refu huchana. Tairi pana na fupi husukuma. Aidha, katika njia nyingi za mashambani tope laini huwa na tabaka gumu chini yake, pengine kiasi cha shubiri moja. Tairi jembamba hulipasua tope hadi likalifikia tabaka hilo na kupata pa kukanyaga, wakati lile pana huelea juu ya uji na kuteleza hadi mferejini.

Haki pia isemwe kwa upande wa pili. Juu ya mchanga mkavu usioshikamana, au juu ya kinamasi ambacho hakina sakafu karibu, kuelea ndilo jambo linalotakiwa, na hapo tairi pana lililopunguzwa upepo hulishinda jembamba. Lakini mwenye gari la kila siku anayekifikia kinamasi cha namna hiyo ana dawa iliyo rahisi zaidi: ashuke, achukue fimbo, akipime kina kwa miguu yake mwenyewe, na kama fimbo haipati chini arudi. Hakuna tairi lililotengenezwa kwa ajili ya mto Kilombero uliofurika.

Kupunguza upepo kuna masharti yake, na dereva asiyeyajua atajuta. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Mwendo ukizidi kilomita 30 kwa saa, mpira na nyuzi zake huanza kuharibika, na likipelekwa hivyo kwenye lami linaweza kupasuka. Upepo ukishushwa sana, tairi huweza kubanduka kutoka katika ringi wakati wa kukata kona. Hivyo gari linapotoka topeni ni lazima lijazwe tena kabla ya kuongeza mwendo. Geji nzuri na pampu iendeshwayo na betri ya gari ni vyombo vya bei ndogo kuliko tairi moja kubwa, lakini ni vigumu kuvikuta katika magari haya yaliyoinuliwa. Ajabu ni kwamba mtu hutumia akiba ya msimu mzima wa mpunga kununua matairi manne, kisha huupima upepo wake kwa kulipiga tairi teke.

Gharama ya ukubwa huonekana zaidi juu ya lami. Mita ya mwendo huhesabu mizunguko ya magurudumu, wala haijui ardhi. Gurudumu la kipenyo cha sentimeta 87.9 hutembea asilimia 9 zaidi katika kila mzunguko kuliko lile la sentimeta 80.6, kwa hiyo mita ikiwa imehesabu kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo katika makazi ya watu, gari kwa kweli linakwenda 54.5. Watengenezaji huiweka mita izidishe kidogo, lakini akiba hiyo ndogo imekwisha kuliwa. Breki nazo hulazimika kulizuia gurudumu lenye nusukipenyo kirefu zaidi: kwa mguu ule ule juu ya pedeli, kani inayolisimamisha gari hupungua kwa asilimia 8 hivi, na magurudumu yenyewe yamekuwa mazito zaidi. Injini vile vile hupoteza sehemu kama hiyo ya nguvu za kuvuta, yaani gari lililonunuliwa matairi kwa ajili ya tope limepunguziwa nguvu ndani ya tope.

Lililo zito zaidi ni kitovu cha uzito. Tuchukue gari la mfano ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa sentimeta 150, na kitovu chake cha uzito kiko sentimeta 75 juu ya ardhi. Nusu ya upana ikigawanywa kwa kimo hutoa 1.0. Ongeza springi za sentimeta 5 na matairi yale makubwa, kitovu kitapanda karibu sentimeta 8, na kipimo hicho kitashuka hadi 0.90. Sehemu moja katika kumi ya uwezo wa gari kutopinduka imeondoka, tena kabla mtu hajapakia magunia juu ya keria. Mafundi hujibu kwamba ringi zilizosukumwa nje hurudisha upana uliopotea. Ni kweli, kwa kiasi. Lakini ringi ikisogezwa nje sentimeta 3, uzito huning'inia mbali na beringi, nazo huchakaa mapema, na usukani hunyang'anywa mikononi kila gurudumu la mbele linapogonga shimo.

Yuko pia yule mgonjwa wa usiku. Bodi iliyopanda kwa springi na kwa tairi imepanda sentimeta 8.65. Kwa kijana hilo si kitu. Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi, au mzee anayepelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, huo ndio urefu unaowalazimisha watu wawili kumbeba.

Kuhusu ringi maneno hayahitaji kuwa mengi. Ringi ya chuma ya inchi 16 haina uzuri wa kuangaliwa, lakini ikipinda fundi wa njiani huinyoosha kwa nyundo, ilhali ya alumini ikigonga jiwe huweza kupata ufa. Ringi kubwa zaidi hulibakishia tairi ubavu mfupi, na ubavu mfupi haupunguziki upepo kwa manufaa. Mnunuzi aangalie pia tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni pamoja na herufi DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umewekwa ghalani, na meno marefu juu ya mpira mgumu hayashiki lami iliyolowa.

Meno yenyewe yawe ya kati: yenye nafasi ya kutosha udongo wa mfinyanzi kuruka nje gurudumu linapozunguka, lakini yasiwe yale makubwa yaliyotengana sana ambayo hunguruma juu ya lami na kuisha upesi. Jambo hili halimhusu mwenye gari peke yake. Meno makubwa yakizungushwa kwa nguvu katika njia iliyolowa huchimba mifereji, maji hutuama humo, na jua linapotoka mifereji hiyo hukauka ikawa migumu kama matofali. Anayeipita baadaye ni mtu wa baiskeli mwenye gunia la mpunga nyuma, na katika bonde hili watu wa baiskeli ni wengi kuliko wenye magari.

Kwa hiyo gari la kila siku la Ifakara hulifaa zaidi tairi jembamba la ukubwa wa kiwandani au lililozidi kidogo sana, juu ya ringi ya chuma, pamoja na geji na pampu. Springi zikihitajika kwa ajili ya mizigo, sentimeta 2 au 3 zatosha.

Shule yoyote iliyo na gari inaweza kulipima jambo hili kwa alasiri moja. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, uso wa tairi upakwe masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, karatasi ya miraba iwekwe chini, kisha gari lishushwe polepole na kuinuliwa tena. Asiwepo mwanafunzi wa kutia mkono chini ya gari. Wanafunzi wahesabu miraba iliyo ndani ya mpaka wa alama, warudie kwa upepo wa pauni 35, 25 na 18, na kila mara wazidishe eneo kwa kanieneo. Majibu matatu yatakaribiana, nayo ni uzito ulio juu ya gurudumu lile. Baadaye wakipata gari la jirani lenye matairi mapana, walipime nalo kwa upepo ule ule, na waziweke karatasi hizo mbili ubaoni bega kwa bega.