Kabla ya Jiko la Pili, Nunua Kipimajoto

Leo siongelei chanjo wala malisho. Naongelea ile saa ya mwisho, nyama ikiwa juu ya moto, kwa sababu hapo ndipo kazi yenu ya mwaka mzima inapopotea.

Kuna kijana wa Rhotia namtembelea, anafuga mbuzi vizuri. Anachanja, anaogesha, kumbukumbu zake ziko kwenye daftari. Mwaka jana alipata oda ya mbuzi wa kuchoma kwenye kambi moja ya watalii. Mbuzi alikuwa mzuri, nilimwona mwenyewe akiwa hai. Jioni paja likatoka jeusi kwa nje, kwenye mfupa bado bichi kabisa. Likarudishwa motoni, likatoka gumu kama soli ya kiatu. Aliyechoma hakuwa yeye, lakini maneno aliyaletewa yeye: "Mbuzi wenu wa huku ni wagumu." Oda ya pili haikuja.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kama unauza nyama iliyochomwa, au unataka kufungua banda la kuchoma, nunua kipimajoto cha nyama kabla ya kununua jiko la pili. Cha kawaida cha kuchoma na kusoma papo hapo kinatosha kuanzia. Ukishafika hatua ya kuchoma mapaja mazima au kuivisha kwa moshi kwa saa nyingi, jichange upate kile kisicho na waya, kinachotuma joto kwenye simu.

Najua mtakachosema: "Afisa, babu zetu walichoma bila hayo mambo." Kweli kabisa. Wafugaji wa Ngorongoro wanakwenda orpul mpaka leo, wanachoma nyama porini, na inaiva. Ila mzee wa orpul anamjua mnyama wake, kachinjwa muda huohuo, anakula na watu wake, na ikiwa mbichi anairudisha kwenye moto, hakuna anayelalamika. Wewe unamuuzia mgeni anayelala Karatu leo, kesho yuko kreta, keshokutwa yuko kwenye ndege. Akiharisha njiani, hutapata nafasi ya kujieleza.

Na macho yanadanganya. Kuku wa kisasa anaweza kuwa ameiva na bado ana wekundu kwenye mfupa. Nyama ya kusaga inaweza kugeuka kahawia kabla vijidudu havijafa. Namba za kukariri ni chache, na ndizo zinazotolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani: kuku nyuzi joto 74, nyama ya kusaga 71, mnofu mzima wa mbuzi, ng'ombe au kondoo 63, halafu uiache itulie dakika 3 kabla ya kukata. Kitimoto wenzetu wanakubali 63 pia, lakini mimi nawaambia mfike 71. Tegu wa nguruwe si hadithi huku kwetu, ameshachunguzwa na kuonekana kwa majirani zetu Mbulu.

Sasa, usalama na ulaini ni vitu viwili. Bega au shingo ya mbuzi aliyekomaa ikifika 63 ni salama, ila meno yatalalamika. Hiyo inataka moto mdogo na muda mrefu, mpaka ndani ikaribie nyuzi 90, ndipo kano zake zinalainika. Njiani, kwenye 70 hivi, joto linakwama, linaweza kukaa hapohapo saa nzima au zaidi kwa sababu nyama inatoa maji na maji yanaipoza. Asiyejua anaongeza mkaa, anaunguza. Anayesoma namba anasubiri.

Hapo ndipo kile kisicho na waya kinalipa. Sindano inabaki ndani ya nyama, hufunui mfuniko kila dakika na kupoteza moto, na wewe unaendelea kukata kachumbari ya vitunguu vya Mang'ola huku simu ikikuambia imefika wapi.

Lakini usinunue kwa kuangalia picha. Mfuniko wa chuma na ukuta vinakata mawasiliano, na umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Nyingi zina betri ndani ya sindano, moto wa wazi unaziua, kwa hiyo soma mwisho wa joto inaouvumilia. Ichomeke sehemu nene, isiguse mfupa. Ukitoa kwenye nyama mbichi, ioshe kwa sabuni na maji ya moto. Na kwa mishkaki usihangaike nayo, vipande ni vidogo mno.

Kingine, kipime kabla ya kukiamini. Kwenye maji yenye barafu nyingi kisome 0. Kwenye maji yanayochemka usitegemee 100: Karatu mjini tuko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 95 hivi. Ukingoni mwa kreta, mita kama 2,300, ni kama 92. Usije ukakirudisha dukani ukidhani kibovu.

La mwisho, msinielewe vibaya. Kipimajoto si mkaguzi wa nyama. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hapikiki akawa salama, na kimeta Ngorongoro tumeshakiona. Ukikuta mzoga, usichune, toa taarifa. Nyama ya kuuza lazima ikaguliwe na ipigwe muhuri, ndipo tuongee habari za nyuzi joto.

Yule kijana wa Rhotia sasa hauzi mbuzi peke yake. Akipata oda anasema, "Nakuja nachoma mwenyewe," na kipimajoto chake cha kawaida kiko mfukoni. Juzi alichoma kwenye sherehe ya kipaimara, mapaja manne, akaandika joto la kila moja kwenye lile daftari lake la chanjo. Nilikula. Mbuzi wa huku si wagumu.