Somo la Ghalani

Wamarekani wa kujitolea wa Peace Corps walianza kufika Tanganyika mwaka 1961, na hadi leo somo lao la kilimo kwa vijana huanzia kwenye tuta. Kwa nini? Mtoto wa kijijini ameshika jembe kabla ya kalamu. Njaa humkuta Februari, mahindi yakiwa yameshageuzwa vumbi na dumuzi, mdudu aliyeingia Tabora kutoka Amerika miaka ya 1970, au yameshauzwa Julai kwa bei ya kutupa ili deni lilipwe. Mgeni huyo anayekaa miaka miwili afundishe basi kukausha, kupukuchua na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Atajibiwa kwamba ghala tupu halina somo. Kweli, mwaka wa ukame. Lakini debe lililookolewa halikungoja mvua ya pili, wala (tuseme ukweli) mgeni: bwana shamba angetosha, kama pikipiki yake ingekuwa na mafuta.