Ulinzi wa Ruta ni Wajibu wa Uongozi

Katika ofisi nyingi za umma na katika shule kadha wa kadha, ruta ndiyo lango pekee linalounganisha kompyuta zote na intaneti. Hata hivyo, kifaa hicho hukumbukwa siku mawasiliano yanapokatika tu. Milango ya majengo ina walinzi wa zamu na kabati za mafaili zina kufuli, lakini lango hili, ambalo barua, mishahara na matokeo ya mitihani hupita kila siku, mara nyingi halina mtu aliyekabidhiwa kulitunza.

Wako wanaodai kwamba shule au ofisi ndogo haina siri ya kumvutia mhalifu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani mara nyingi mhalifu hatafuti siri. Anatafuta chombo cha kuwashambulia wengine. Mwishoni mwa Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipatwa na matatizo ya intaneti na simu. Ruta zao zilikuwa zimeshambuliwa kupitia njia iliyowekwa ili mafundi wazihudumie kutoka mbali. Mwaka 2017 mahakama ya Cologne ilimtia hatiani Mwingereza mmoja, ambaye alieleza kwamba alilipwa na kampuni ya simu ya Liberia ili aihujumu kampuni shindani. Hivyo, familia za Ujerumani zilipata hasara kwa sababu ya ugomvi wa kibiashara uliokuwa Afrika Magharibi, wala hakuna aliyejali kama zilikuwa na siri au hazina.

Funzo la pili lilipatikana mwaka 2018. Katika programu ya ruta za MikroTik, zinazotengenezwa na kampuni ya Latvia, iligunduliwa kasoro iliyomwezesha mtu wa nje kusoma majina na maneno ya siri ya wasimamizi. Kampuni ilitoa masahihisho mwezi Aprili mwaka huohuo. Lakini kufikia Agosti, ruta zaidi ya laki moja, nyingi zikiwa Brazil, zilikuwa zimetekwa na wahalifu waliozitumia kuchuma sarafu za kidijitali kwa nguvu za kompyuta za watu wengine. Dawa ilikuwapo, tena bila malipo. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuitumia.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kumlaumu fundi hakutoshi ikiwa kiongozi wa ofisi hajampa mtu yeyote kazi hiyo. Si ajabu kukuta ruta iliyofungwa miaka mingi iliyopita, fundi wake amekwisha hama na neno la siri analo yeye, au bado linatumika lile lililotoka kiwandani, ambalo kila mhalifu analijua.

Hatua zinazotakiwa hazihitaji fedha nyingi. Kila ruta iandikwe katika daftari la mali, pamoja na jina la mhusika na tarehe ya masahihisho ya mwisho. Neno la siri la kiwandani libadilishwe, na jipya lihifadhiwe mahali salama panapojulikana na uongozi. Njia ya kuiendesha ruta kutoka nje ifungwe ikiwa haina kazi ya lazima. Wanaohofia kwamba masahihisho yatasimamisha kazi wayafanye baada ya saa za kazi, wakiwa wamehifadhi nakala ya mipangilio. Tena, ruta iliyokwisha kuvamiwa haiponi kwa masahihisho peke yake. Irudishwe katika hali yake ya awali, na maneno ya siri yabadilishwe yote.

Kamati za zabuni nazo zina sehemu yao. Mei 2025, FBI ya Marekani ilitahadharisha kuhusu ruta kuukuu ambazo watengenezaji wamekwisha acha kuzitolea masahihisho. Ruta ya bei nafuu isiyobakiwa na muda wa kuhudumiwa ni hasara iliyonunuliwa kwa fedha za wananchi. Muuzaji aulizwe kwa maandishi masahihisho yatatolewa hadi mwaka gani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ruta hauonekani kwa macho. Kwa hiyo unataka mtu aliyetajwa kwa jina, mwenye tarehe ya kuukagua, na mkuu wa kazi atakayemdai taarifa tarehe hiyo ikifika.