Usiniite Familia

Siku hizi kila mtu ni familia. Benki ikitaka uchukue mkopo inakuita familia. Msee wa TikTok akitaka umfuate anaanza na "habari zenu, familia". Mhubiri akimaliza kusoma nambari ya kutumia sadaka anasema, "Mbarikiwe, familia." Na bosi, kabla hajakwambia kuwa mshahara wa mwezi huu utachelewa, atatanguliza ile sentensi unayoijua: hapa kwetu hakuna wafanyakazi, hapa ni familia.

Niliwahi kuandikia kampuni moja ya aina hiyo. Niliagizwa makala kumi na moja, nikaandika zote, nikalipwa nne. Kuuliza hizo saba zingine, nikaambiwa watu wa familia hawadaiani. Familia gani hiyo? Kwetu nyumbani ukikopa mia tano kwa dada yangu atakukumbusha kila asubuhi hadi umlipe, na chai atakupa.

Ugomvi wangu leo ni na neno hilo, kwa sababu linaziba nafasi ya neno lingine. Kuna kitu tunakitafuta sana, sisi tunaoishi kwenye vyumba vya kupanga katika mji ambao karibu kila mtu ametoka kwingine. Tunatafuta watu ambao hatukuzaliwa nao lakini roho inatulia tukiwa nao. Watu ambao ukianguka hawataanza na kukuuliza jina la pili. Marafiki zangu wengi wanasema Kiswahili hakina neno la kitu hicho, basi tukope la Kiingereza tusonge. Mimi nakataa. Neno lipo. Tumelitelekeza tu.

Wa kwanza kunipinga atasema: undugu. Sawa, ni neno zuri, limo hata katika ubeti wa kwanza wa wimbo wetu wa taifa. Lakini cheki vile tunalitumia. Kwa Wakenya wengi ndugu ni mwanamume, ndiyo maana mwanasiasa akipanda jukwaani lazima aongeze "na dada zangu". Shida kubwa zaidi ni kuwa undugu unaenda kwenye damu, na hapa Kenya damu haichukui muda kuwa kabila. "Huyu ni mtu wetu." "Hao si watu wetu." Tunajua sentensi hizo zilitufikisha wapi. Baada ya uchaguzi wa 2007 majirani waliitwa madoadoa, yaani uchafu wa kuondolewa kwenye nguo, na watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Utaniambia wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Haswa! Wahenga wenyewe waliona neno linateleza, wakalazimika kulirekebisha kwa methali.

Mwingine atasema ujamaa. Hilo lilibebwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, na bado linanukia siasa ya jirani yetu. Harambee? Hiyo ilishageuka bahasha ya mheshimiwa. Utangamano una tume yake na ofisi zake, na sijawahi kusikia mtu akilia akisema amekosa utangamano. Mbogi nalipenda, ni letu, la mtaani. Lakini mbogi ina ukuta: uko ndani ama uko nje, na aliye nje anaweza kupigwa.

Neno langu ni ushirika.

Najua, umeshaona mabango mawili: la kanisa na la chama cha wakulima wa kahawa. Hapo ndipo tumeliacha. Kanisani mshirika amekuwa mtu mwenye namba kwenye bahasha ya zaka. Kule kwa wakulima, ushirika umekuwa mahali ambapo mzee anapeleka kahawa na kungoja malipo. Lakini lisikilize lenyewe. Mzizi wake, uliotoka Kiarabuni, ni kuwa na sehemu katika kitu kimoja. Nyumba ya shirika ni nyumba yenye wenyewe zaidi ya mmoja. Kushiriki ni kuchukua fungu lako, na pia kukubali kwamba fungu la mwenzako haliguswi. Familia unazaliwa ukaikuta. Ushirika lazima uuingie, na ukiingia kitu chako kinapungua.

Rafiki yangu Mwislamu ameniambia neno hili ni ndugu wa shirki, dhambi kubwa kuliko zote kwake. Ni kweli, na ushirikina pia uko kwenye ukoo huo. Shirki ni kumpa mwingine sehemu katika kilicho cha Mungu peke yake. Kwangu huo ni ushahidi wa uzito wa neno: linataka kujua nani ana sehemu katika nini. "Familia" haiulizi hivyo.

Na kuna watu katika nchi hii waliolilipia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda hadi kwetu, uliwakutanisha watu waliotubu dhambi zao wazi, mbele ya wenzao. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, wengi wa hao waliookoka kule Mkoa wa Kati walikataa kiapo cha Mau Mau. Walisema wameshashiriki damu ya Kristo, hawawezi kushiriki nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Ng'ambo ya pili walikuwa watu waliokula nyama ya mbuzi ya kiapo wakaapa kutowasaliti wenzao, na wengi wao wakafia msituni na vizuizini. Sitaki kuamua kesi yao hapa. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili zilijua kwamba kula pamoja kunakufunga. Hakuna aliyedhani ni salamu ya kuanzia matangazo.

Mimi niliujua ushirika hosteli. Chuo chetu kilijiita familia kwa herufi kubwa pale getini, na mwaka wa pili familia hiyo ikabandika jina langu kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu ya karo. Chumbani tulikuwa wanne: Mwislamu mmoja, Msabato mmoja, mmoja asiyeamini chochote, na mimi ambaye hadi leo sijaamua. Muhula huo sikuwa na shilingi. Hao watatu waligawa pesa zao za HELB mara nne. Hawakuitisha mkutano, hawakunipiga picha. Ugali ulikuwa mdogo kidogo kwa kila mmoja, basi. Ramadhani ilipofika tulipokezana kuamka saa kumi alfajiri kumpashia mwenzetu daku, hata sisi tusiofunga. Yule asiyeamini ndiye hakuwahi kukosa zamu yake.

Pesa hizo hazikutosha karo na niliacha chuo. Sisimulii muujiza. Lakini nikiulizwa nilipata nini pale, siwezi kutaja digrii. Nitataja sufuria moja na watu wanne.

Tarehe 25 Juni 2024 wengi wenu mliuona ushirika katikati ya Nairobi hata kama hamkuuita jina. Tulisema hatuna kabila, hatuna chama. Mtu usiyemjua alikumwagia macho maji yake ya mwisho ya kunywa. Msikiti wa Jamia ulipokea waliojeruhiwa, na hakuna aliyeulizwa kama ametawadha. Makumi waliuawa katika maandamano ya msimu ule. Halafu wiki zikapita, na kampuni na wanasiasa wakaanza kutuita, eeh, "familia ya Gen Z". Ndivyo kitu kinavyoibwa ukikiacha bila jina lake: atakuja mwenye duka akibandike lake.

Kwa hivyo naomba tuanze na ubishi mdogo. Bosi akisema sisi ni familia, muulize faida inagawanywaje. Mhubiri akikuita familia, muulize ukilazwa hospitali nani atakuja, na siku gani. Mwanasiasa akikuita ndugu, muulize jirani yako wa kabila lile lingine ni nani wake. Na wewe mwenyewe, kabla hujaandika "fam" chini ya picha ya mtu, jiulize mnashiriki nini ambacho kikiisha mtalala njaa pamoja.

Kama hakuna, ni sawa tu. Mwite rafiki, mwite jirani, mwite mteja. Hayo ni majina ya heshima. Ushirika tuwaachie wale ambao sehemu yao imo kwenye sufuria.