Zuhura, Zuhula na mtaalamu wa namba

KIBARAZANI, na Shangazi wa Magomeni

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu kwenye kikao cha harusi ya binti yake, Zuhura. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Ukumbi umeshalipiwa nusu, mpishi kapatikana, sare zimechaguliwa baada ya ugomvi ambao sitausimulia kwa sababu mmoja wa walionuniana husoma safu hii. Kilichobaki ni kusomewa tarehe, kunywa chai na kuagana. Ndipo mjomba wa bwana harusi akasimama, akatutaka radhi, akasema amekuja na mgeni mwenye neno.

Mgeni mwenyewe ni kijana wa suti ya buluu iliyombana mabegani, kompyuta mpakato kwapani, na kaunta buku iliyopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Akajitambulisha kuwa mtaalamu wa namba. Si mganga, alisisitiza, wala si mnajimu. "Mimi natumia sayansi, mama." Mtu akiniita mama kisha akataja sayansi papo hapo, mimi huvuta mkoba wangu karibu.

Akaomba vitambulisho vya maharusi. Kanuni yake ni nyepesi, na nimeiangalia kwa karibu kwa kuwa alikaa ubavuni kwangu. A ni 1, B ni 2, unakwenda hivyo hadi I ambayo ni 9, kisha J inaanza tena na 1. Unajumlisha herufi za jina, jumla unaijumlisha tena mpaka ibaki tarakimu moja. Bwana harusi kwenye kitambulisho ni Khamis: 2, 8, 1, 4, 9, 1. Jumla 25, yaani 7. Akaandika 7 kubwa, akaizungushia duara.

Zamu ya bibi harusi. Wasomaji wa siku nyingi mnakijua kisa cha cheti cha kuzaliwa cha Zuhura, na yule karani ambaye kwake herufi r na l ni ndugu wa tumbo moja. Kwa wageni: nyumbani ni Zuhura, serikalini ni Zuhula, na tumeshachoka kupigania. Mtaalamu akaandika Zuhula: 8, 3, 8, 3, 3, 1. Jumla 26, yaani 8. Duara jingine.

Akashusha pumzi, akavua miwani. Saba, akasema, ni mtu wa kujitenga. Nane ni mtu wa mali. Wawili hawa wakikutana bila kurekebishwa, nyumba itakuwa na pesa lakini haina mazungumzo. Mbaya zaidi, tarehe iliyopangwa ni 14, moja na nne ni tano, na tano ni namba ya safari: mmoja wao ataondoka. Ushauri wake ulikuwa harusi isogezwe hadi tarehe 21, maana mbili na moja ni tatu, na tatu ina baraka. Halafu jina la bwana harusi liongezwe herufi. Kuongeza herufi ni shilingi 150,000.

Huyo kijana hakuniudhi sana. Kila mtu anatafuta riziki yake, na yeye amechagua ya kukaa kivulini. Aliyeniudhi ni kaka yangu. Huyu ni mhasibu mstaafu. Ni mtu aliyepigana na kikokotoo cha mafao mpaka shilingi ya mwisho, akaandika barua zenye majedwali, akawafundisha wastaafu wenzake kugawanya na kuzidisha chini ya mwembe. Mtu huyo huyo nilimwona akiinuka, akaitungua kalenda ukutani, akaanza kuitafuta tarehe 21 kwa kidole. Eti namba 8 ina tabia. Miaka yote kazini alishika vitabu vyenye nane kibao, na hata moja haikuwahi kumnunia.

Nikachukua bahasha ya kadi ya mchango, nikaigeuza, nikaomba kalamu. Nikaandika Zuhura, kama mama yake anavyomwita: 8, 3, 8, 3, 9, 1. Jumla 32, yaani 5. Nikaandika Hamisi, kama bibi yake anavyomwita: 8, 1, 4, 9, 1, 9. Jumla 32, yaani 5. Tarehe 14 ni 5. Nikawainulia bahasha. Tano, tano, tano!

Mama mmoja upande wa bwana harusi akapiga kigelegele. Mtaalamu akasema majina ya nyumbani hayahesabiki, roho inatambua jina la kisheria. Nikamuuliza: kwa hiyo mbinguni wanasubiri karani amalize kuandika? Hakujibu. Na hapo, badala ya kufurahi, nikazidi kukasirika, kwa sababu kile kigelegele hakikuwa cha kumkataa. Watu walikuwa wameniamini mimi! Hesabu yangu ya bahasha haikuwa na thamani kuliko yake hata chembe, ila tu ilileta jibu walilolitaka, na bure.

Mazungumzo yalipofika kwenye saa ya kufunga ndoa, saa nane mchana, nikamuuliza mtaalamu hiyo ni namba gani. Kwetu ni 8. Kwa Mzungu ni 2. Kwenye tiketi ya basi ni 14, na moja na nne turudi kwenye tano yetu ya safari. Tena hiyo tarehe 14 ni ya kalenda ya Papa Gregory, ile ambayo mwaka 1582 ilipoanza, watu wa Roma walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Siku kumi ziliondolewa kwa amri. Ndoa yenyewe ni ya Kiislamu, na kwa kalenda ya Hijria siku hiyo ina tarehe nyingine kabisa, ambayo huanza jua likizama. Mtaalamu akaniambia ninachanganya mambo. Naam, ndivyo nilivyokusudia.

Mzee mmoja wa upande wetu akajaribu kusuluhisha. Akasema tatizo ni hizi herufi za Kizungu. Turudi kwenye abjadi ya wazee, yenye asili. Abjadi naiheshimu. Ni hesabu ya herufi za Kiarabu, alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, mpaka ghaini 1,000. Ndiyo iliyotupa ile 786 mnayoiona juu ya milango ya maduka na vioo vya daladala: ni jumla ya herufi za Bismillahi yote hadi Rahimu, na ukikaa na karatasi utaipata sawasawa. Anayeiandika kwa kuwa hataki jina la Mungu litupwe jalalani na karatasi ya maandazi, simgusi.

Lakini kupigia nyota ni jambo jingine. Chukua Zuhura kwa Kiarabu. Ze 7, he 5, re 200, halafu ile te ya mviringo ya mwisho. Wapo wanaoihesabu kama he, yaani 5, wapo wanaoihesabu kama te, yaani 400, na kila upande una kitabu chake. Wa kwanza wanapata 217, wa pili 612. Nyota hupatikana kwa kugawanya kwa 12 na kutazama kinachobaki. Kwa 217 inabaki 1, naye ni Hamali, yaani Kondoo, nyota ya mwanzo. Kwa 612 haibaki kitu, naye ni Hutu, yaani Samaki, nyota ya mwisho. Jina la mama, ambalo nalo huingizwa kwenye hesabu hiyo, halijaongezwa bado, na mtoto keshatoka Kondoo akaingia Samaki kwa sababu ya nukta mbili juu ya herufi moja.

Najua barua zitakazokuja. Shangazi hana imani, Shangazi kasoma sana, Shangazi haolewi ndiyo maana. Imani ninayo. Tena naamini kwamba ndani ya hesabu kuna kitu ambacho darubini na mizani haviwezi kukieleza chote. Mwaka 1846 Mfaransa Le Verrier alikaa na kalamu, akapiga hesabu za jinsi sayari ya Uranus inavyoyumba, akawaandikia wanaastronomia wa Berlin watazame mahali fulani angani. Wakatazama usiku ule ule barua ilipowafikia, wakaikuta Neptune, karibu kabisa na pale alipoonyesha. Kwa nini maandishi ya mtu chumbani yakubaliane na sayari iliyo mbali kiasi hicho? Mwanafizikia Eugene Wigner aliandika makala mwaka 1960 akishangaa jambo hilo, akalielezea karibu kama muujiza. Mimi sitajifanya nimelitatua kwa niaba ya Magomeni yote.

Na yupo Ramanujan. Huyu alikuwa karani wa bandari Madras, hana shahada, ambaye mwaka 1913 alimwandikia mwanahisabati Hardy wa Cambridge barua iliyojaa fomula, nyingine ambazo Hardy hakuwahi kuona mfano wake. Ramanujan alisema mungu wa kike wa ukoo wao, Namagiri, ndiye anayemwonyesha ndotoni. Hardy hakuamini mungu yeyote. Mnadhani walifanya nini? Hawakubishana kuhusu Namagiri. Walikaa wakathibitisha. Nyingi zilikuwa sahihi, na baadhi ya alichodai kuhusu namba tasa kilikuwa kosa, ndoto au si ndoto. Ndipo ninapompendea yule karani. Alipata kwa njia yake, lakini alichopata akakiweka mezani mtu asiyeamini akikague.

Hardy alipokwenda kumtazama akiwa mgonjwa London, alimwambia amekuja na teksi namba 1729, namba isiyo na ladha, na kwamba anatumaini si mkosi. Ramanujan akamkatalia kitandani hapo hapo: ni namba ndogo kuliko zote inayopatikana kwa kujumlisha kubu mbili kwa njia mbili. Moja kubu na kumi na mbili kubu, au tisa kubu na kumi kubu. Jaribu mwenyewe. Jibu ni hilo hilo Dar es Salaam, Muscat na Bujumbura, jina lako likiwa na r au l, ukiwa umelipa au hujalipa.

Huo ndio utakatifu wa hesabu ninaoukubali mimi: haina mteja. Haikusikii. Huwezi kuiongeza herufi kwa shilingi 150,000 ikubadilishie 7 kuwa 3. Namba inayobadilika ukimwona mtaalamu haina roho, ina duka.

Wazee wa pwani walilijua hili bila kompyuta mpakato. Walihesabu siku kwa makumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya, wakajua ni kumi la ngapi la kupanda na la ngapi la kuingiza chombo baharini. Hesabu ile ilikuwa na hakimu wake, upepo. Kaskazi isipokuja, nahodha anaonekana kakosea mbele ya watu. Mtaalamu wangu wa suti ya buluu hana upepo wa kumsuta. Ndoa ikivunjika, atasema tuliisogeza tumechelewa. Ikidumu, mnaona? Amejijengea nyumba isiyovuja kwa kuwa haina paa.

Msidhani Waislamu tu ndio nawasema. Majirani zetu Kenya mwaka 2019, serikali ilipoleta Huduma Namba ya kumtambulisha kila mkazi, wapo Wakristo walioikimbia wakiogopa 666, namba ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Ziko nakala za kale za kitabu hicho hicho ambazo hazina 666, zina 616. Sasa mnyama afanyeje, abebe vitambulisho viwili?

Na vijana wa mikeka ya kubeti msicheke. Najua mnaochagua mechi kwa tarehe ya kuzaliwa ya mama. Mkeka ukichanika mnasema namba zimekataa. Namba hazikukataa. Aliyepanga yale malipo alishapiga hesabu ya faida yake kabla hujaamka, naye hakutumia nyota wala jina la mama yake. Alitumia hisabati, somo lile lile ambalo kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka linakutwa mkiani, tunasikitika siku mbili, tunasahau. Tunalikimbia darasani, halafu tunamlipa mtu atutajie tarakimu moja moja kwa sauti nzito.

Kaka yangu nilimwambia airudishe kalenda ukutani. Akairudisha, ila alinuna, na nasikia amempigia simu yule kijana pembeni.

Kwa hiyo nina ombi kwa wataalamu wote wa namba mnaosoma ukurasa huu. Nitawapa majina ya ndoa ishirini za watu ninaowafahamu, jina la mume na la mke, kwa tahajia yoyote mnayotaka, na ya mama zao pia kama mnayahitaji. Kumi kati ya hizo zilivunjika kwa talaka, kumi bado zipo. Mnichambulie zipi ni zipi, mbele ya mashahidi wa kibarazani. Atakayefanikiwa namwachia nafasi hii wiki nzima aandike anachotaka, na ile 150,000 naitoa mimi mfukoni. Malipo baada ya kazi.