CHUMA TUNAKIHUBIRI, NANI ANAKISOMA?



Ndugu zangu katika imani, wiki hii mzee mmoja alinifuata baada ya swala ya Alasiri. Binti yake amemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi, na sasa amepata nafasi ya uzamili katika sayansi na uhandisi wa nyenzo. Ndugu wa msikitini wamemwambia: "Mzee, shahada moja inamtosha. Tena elimu yenyewe ya vyuma na saruji! Itamfaa nini kaburini?" Mzee akaniuliza: "Sheikh, nimzuie?"

Nikamwambia: usimzuie. Leo nataka kuzungumza na hao waliomshauri.

KWANZA, ijueni elimu mnayoibeza. Elimu hii inachunguza kitu kimepangwaje ndani, mpaka chembe zisizoonekana kwa macho, na kwa nini mpangilio huo unakifanya kiwe kigumu au laini, kipitishe umeme au kiuzuie, kidumu au kioze. Almasi na kinywe, yale madini yanayopatikana kusini mwetu, Lindi na Mahenge, vyote ni kaboni. Kimoja kinakata kioo, kingine kinaandika kwenye penseli. Tofauti ni mpangilio tu. Subhanallah! Na kinywe hicho hicho ndicho kinachotumika ndani ya betri za simu tunazosambazia mawaidha. Madini yako kwetu. Wanaojua kuyageuza kuwa betri wako wapi?

PILI, tunamsoma nani tunaposoma Qur'ani? Sura nzima imeitwa Al-Hadid, Chuma, na Allah (S.W.T.) ametueleza kuwa ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza deraya, na akaamrishwa apime sawasawa viungo vyake. Dhul-Qarnain alijenga kizuizi kwa vipande vya chuma, akavipuliza moto, akavimiminia shaba iliyoyeyuka. Sisi masheikh, nami nikiwemo, tunapenda kusambaza video za "muujiza wa chuma" na kupiga takbira. Lakini kijana akisema anataka kukisoma chuma chenyewe, tunamwambia anapoteza muda! Huu ni uadilifu gani?

TATU, tazameni tunavyolipa gharama ya ujinga wetu. Najua msikiti wa pwani ambao kamati, kwa nia njema ya kuokoa fedha za sadaka, ilizoa mchanga ufukweni. Miaka haikuwa mingi, zege likaanza kumeguka juu ya safu ya kwanza. Wapo waliosema ni husuda. Haikuwa husuda, ndugu zangu, ilikuwa chumvi! Chumvi ya bahari huamsha kutu kwenye nondo, nondo yenye kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Hilo linajulikana, linafundishwa, linapimika. Katika waumini wote wale hakuna aliyelijua. Tukachanga mara ya pili.

NNE, msiseme huu ni usasa. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihyaa aliihesabu tiba na hesabu kuwa fardhi kifaya, akataja na kazi za mikono ambazo watu hawaishi bila hizo. Akawalaumu watu wa zama zake waliokimbilia fiqhi kwa wingi huku miji ikikosa tabibu Muislamu. Leo fardhi kifaya tumeifanya ni jeneza tu. Akikosekana wa kuosha maiti tunajua tumepata dhambi sote. Akikosekana wa kutujengea dari lisilowaangukia walio hai, tunalala usingizi.

TANO, wapo wenye hoja za haki, nao nawaheshimu. Mwenye kuogopa mkopo wa riba ana haki ya kuogopa. Basi atafutiwe ufadhili. Katika fani hizi za utafiti ufadhili upo: Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah kule Thuwal, Saudia, kinafundisha fani hii na kinajulikana kwa kuwagharamia wanafunzi wake. Hata hapa nyumbani, Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Arusha ina masomo ya uzamili na uzamivu ya nyenzo. Mwenye kuuliza binti atakaa wapi na kwa stara gani, naye ameuliza vizuri; baba na mwana wakae, walitafutie jibu. Na mwenye kuhofia riya, hofu yake ni ya kweli: Mtume (S.A.W.) ametuonya kuhusu aliyesoma ili aitwe msomi. Lakini onyo hilo linatuhusu sisi wenye vilemba kabla halijamhusu mwenye maabara!

Ama "itamfaa nini kaburini": elimu yenye manufaa ni katika yale yasiyokatika mtu anapokufa. Binti akiuzuia ukuta mmoja usiwaangukie watoto wa madrasa, mbele ya Allah hilo utaliita dunia?

Mzee wangu, mruhusu, muombee, na mkumbushe niya na swala zake. Nanyi mliomshauri, Ijumaa ijayo chombo kikipitishwa, wekeni humo nauli yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Soma, tafakari, kisha mfikishie mzazi mwingine.