Ratiba ya Safari na Ugonjwa Unaofichwa

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Wachunguzi waliposikiliza kinasa sauti cha chumba cha marubani walikuta mazungumzo ambayo kila tabibu angefaa kuyajua. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa na mafua. Alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili awahi zamu yake Newark. Alimweleza nahodha wake kwamba lau angejisikia vile akiwa nyumbani asingekuja. Lakini kwa kuwa alikwisha kufika, akisema anaumwa ingembidi ajilipie hoteli mpaka apone.

Mafua hayo hayakutajwa kuwa chanzo cha ajali. Chanzo kilichotajwa ni namna nahodha alivyoitikia isivyofaa onyo kwamba ndege inapoteza mwendo, na uchovu ukaelezwa kuwa huenda uliwapunguzia wote wawili uwezo wao. Hata hivyo maneno yale kuhusu hoteli yanastahili kusomwa kama yanavyosomwa maelezo ya mgonjwa kliniki: anajua anaumwa, anajua hapaswi kuwepo pale, na sababu ya kuwepo kwake anaitaja kwa hesabu ya fedha.

Tangu ajali hiyo mengi yamebadilishwa katika saa za mapumziko. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Januari 2014 zinamtaka rubani wa ndege za abiria apewe mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, ndani yake saa 8 za kulala bila kukatizwa, na athibitishe kabla ya kila safari ya ndege kwamba yuko katika hali inayofaa kufanya kazi. Kanuni ni nzuri. Lakini uthibitisho huo unamtaka mtu aweke neno lake dhidi ya kipato chake, na juu ya kipato hicho kanuni ziko kimya.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, mhudumu wa afya hana budi kujua namna rubani anavyolipwa. Katika mashirika makubwa ya Marekani rubani hapokei mshahara ulio sawa kila mwezi kama karani. Hulipwa kwa saa za safari, akihakikishiwa kiwango cha chini cha saa kwa mwezi, kwa kawaida 70 hivi. Kila mwezi marubani huomba safari wanazozitaka, nazo hugawiwa kwa kufuata ukongwe kazini: aliyeajiriwa zamani huchagua kwanza, na aliyeingia juzi huachiwa makombo, yaani safari za usiku, safari za sikukuu, au zamu ya akiba, ambayo humfanya akae karibu na simu akisubiri kuitwa. Safari zikishagawiwa huwa kama bidhaa. Marubani hubadilishana, huziacha, huongeza nyingine. Rubani akiugua, saa za safari aliyoikosa hukatwa kwenye akiba yake ya saa za ugonjwa, aliyoijaza kidogo kidogo kwa miezi aliyofanya kazi. Akiba ikiisha na ugonjwa ungalipo, hugeukia malipo ya ulemavu ya muda mrefu, ambayo ni sehemu tu ya kipato chake cha awali.

Sehemu ya kipato kipi? Baadhi ya mipango hiyo hukokotoa kiwango kwa wastani wa mapato ya miezi iliyotangulia ugonjwa, na hapo ndipo ratiba na ugonjwa vinapokutana kwa namna ambayo haijadiliwi vya kutosha. Chukulia nahodha wa miaka 47 anayeanza kuamka na maumivu ya kichwa, kusinzia mchana, na kuelezwa na mkewe kwamba usiku pumzi yake hukatika. Kwa busara anaacha safari mbili za usiku kila mwezi ili apumzike. Miezi minane baadaye moyo wake unaanza kudunda bila mpangilio, cheti chake cha afya kinasimamishwa, naye anaomba malipo ya ulemavu. Wastani wake sasa unaibeba miezi minane ya kipato kidogo. Mwenzake aliyeugua vivyo hivyo lakini akaendelea kuruka kila usiku mpaka siku ya kuanguka atalipwa zaidi. Hakuna daktari ambaye angeandika agizo la namna hiyo. Limeandikwa na fomula ya hesabu, nalo linafuatwa kwa uaminifu kuliko maagizo mengi ya madaktari.

Kuna pia suala la jina lenyewe. Neno ulemavu humletea Mswahili picha ya gongo au kiti cha magurudumu, na rubani naye humletea picha hiyohiyo. Kumbe ulemavu wa rubani ni kitu kingine kabisa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinamtaka rubani wa mashirika ya ndege awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachohuishwa kila baada ya miezi 12, na kila miezi 6 akishatimiza miaka 60. Jiwe moja kwenye figo, degedege la mara moja, au kisukari kilichofikia kuhitaji insulini vinaweza kumwondoa angani mtu anayepanda ngazi, anayelima shamba na kuendesha gari lake bila taabu. Huyo anapoambiwa ajaze fomu ya ulemavu huona anajidanganya au anadanganya. Wengine huikataa fomu miezi mitatu mizima, na miezi hiyo hairudi.

Tena yuko kati ya madaktari wawili. Daktari wa mamlaka ya usafiri wa anga huuliza kama mtu huyu anaweza kupoteza fahamu akiwa na abiria 180 nyuma yake. Daktari wa kampuni ya bima huuliza kama anaweza kufanya kazi, na katika mikataba mingine kazi hiyo ni kazi yoyote. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na rubani akabaki bila cheti na bila malipo. Kwa magonjwa ya akili mambo ni mabaya zaidi, kwani mikataba mingi ya bima ya ulemavu nchini Marekani huyawekea kikomo cha miezi 24, hata kama sonona yenyewe haijui kalenda.

Basi si ajabu watu wanaficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliotumia dodoso lisilotaja majina, ulikuta asilimia 12.6 ya marubani waliojibu wakifikia kigezo cha sonona, na asilimia 4.1 wakiwa wamepata mawazo ya kujidhuru au kwamba heri wafe, ndani ya majuma mawili yaliyotangulia. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa marubani wa Marekani ulionesha kwamba zaidi ya nusu waliwahi kukwepa huduma za afya kwa kuhofia cheti chao.

Ulaya ilikwisha kulipia hofu hiyo. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha kwa makusudi ndege iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf kwenye milima ya Alps, Ufaransa, wakafa watu wote 150. Alikuwa amewaona madaktari kadhaa, na vyeti vya kumpumzisha kazini vilikutwa kwake baada ya ajali. Taarifa ya wachunguzi wa Ufaransa ya mwaka 2016 ilitaja, miongoni mwa mambo yaliyochangia, hofu ya kupoteza haki ya kuruka na hasara ya kipato pale ambapo hakuna bima ya kuifidia. Ikapendekeza kuwepo kwa njia za kupunguza makali hayo ya kiuchumi, pamoja na vikundi vya marubani kusaidiana.

Wako waliotoka kwenye msiba ule wakidai kwamba dawa ni kuwalazimisha madaktari kuripoti kila ugonjwa wa rubani. Dai hilo linavutia, nalo lina hatari. Pale hatari iko dhahiri, daktari anapaswa kuwa na ruhusa ya wazi ya kusema, na sheria inayomfunga mdomo wakati huo ni sheria mbaya. Lakini kuripoti kila kitu kutamfanya rubani asimfikie kabisa daktari, au aende mji wa jirani akaandikishe kwamba ni mfanyabiashara. Mashirika nayo hulalamika kwamba malipo mazuri ya ugonjwa huzaa wagonjwa wa sikukuu. Wapo, na watakuwepo. Gharama ya kumlipa mvivu mmoja siku ya Krismasi inaweza kuhesabiwa na kuwekwa kwenye bajeti. Gharama ya mgonjwa mmoja aliyeogopa kusema haiwezekani kuwekwa popote.

Mambo haya hayako mbali na Afrika Mashariki, maana viwango vya ICAO ndivyo vinavyofuatwa Dar es Salaam na Nairobi, na cheti ni kilekile. Kinachotofautiana ni mto wa kuangukia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa malipo kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania hulipa kwa madhara yatokanayo na kazi. Kisukari cha ukoo wa mtu hakimo. Baada ya hapo rubani hutegemea mkataba wa mwajiri wake, au bima ya kupoteza leseni kama aliinunua angali mzima. Vyama vya marubani vinapojadili mikataba vingefanya vyema kudai kwamba malipo ya ulemavu yakokotolewe kwa miezi ya kabla ya dalili za kwanza kuandikwa hospitalini. Sharti hilo moja lingewaleta wagonjwa kliniki mapema, kwa kuwa tarehe ya kumwona daktari ingekuwa kinga ya kipato badala ya kuwa tishio lake.

Kwa upande wa kliniki, kazi huanza kwa swali linalorukwa mara nyingi kwenye foleni ndefu: unafanya kazi gani? Rubani mwenye mafua hahitaji kuambiwa tu kwamba ni virusi. Akiruka pua na mirija ya masikio ikiwa imeziba, ngoma ya sikio inaweza kupasuka wakati ndege inashuka, na vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi vinamwondoa kazini hata kama dalili zimekwisha. Meflokwini, dawa ya kinga ya malaria, hairuhusiwi kwa marubani na mamlaka ya Marekani, kwa sababu inaweza kuvuruga akili na kuleta kizunguzungu. Dawa ya kunywa asubuhi inahitaji maelezo zaidi kwa mtu ambaye asubuhi yake ya juzi ilikuwa Guangzhou.

Swali la pili ni la ratiba: safari inayofuata ni lini, na usiipofanya utapoteza nini? Mgonjwa akijibu kwa ukweli, tabibu aandike tarehe ambayo dalili zilianza, tarehe ya ziara ya kwanza, na kazi mahsusi ambayo mgonjwa hawezi kuifanya kwa sasa, kisha amwelekeze kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya safari hiyo. Cheti kinachosema “apumzike siku tatu” bila kueleza zaidi humrudisha rubani kazini siku ya nne akiwa vilevile, na mwaka mmoja baadaye, dai la ulemavu linapofunguliwa, karatasi hiyo haimsaidii kuthibitisha chochote.